Sufuria Ikinyamaza: Majibu Yangu Kuhusu Mafuta ya Nguruwe, Shahamu na Wenzake

Katika toleo lililopita niliandika kwamba kwenye jokofu langu kuna chupa tatu za kioo ambazo sikubali ziishe: ya mafuta ya nguruwe, ya shahamu ya ng'ombe, na ya mafuta ya kuku. Nikaongeza sentensi moja ambayo sikutegemea ingezaa barua nyingi kiasi hiki: mafuta ya mnyama huiva pale sufuria inaponyamaza. Wengine mlinielewa, wengine mkaunguza, na mmoja amenifanya nitambue kwamba maelezo yangu yalimwacha nje. Barua yake nimeiweka mwisho. Nyingi kati ya barua hizi, ukizichunguza, zinauliza habari ya maji, ingawa walioziandika hawakuyataja.

*Shikamoo Shangazi. Niliyeyusha kilo mbili za mafuta ya nguruwe. Yalitoka na rangi ya chai na yananuka nguruwe kabisa. Nikayapigia keki, keki nayo ikanuka. Nimekosea wapi? – Mwokaji Mpya*

Marahaba, mwanangu. Kabla ya kukujibu niulize mimi: yalitoka sehemu gani ya mnyama? Nguruwe ana mafuta ya namna namna. Yaliyo bora kwa kuoka ni yale yanayozunguka figo, meupe, makavu ukiyashika, yanayobanduka kama karatasi. Yanafuatiwa na ya mgongoni, yaliyo chini ya ngozi, ambayo ni mazuri kwa kukaangia na yana ladha kidogo ya nyama. Ya kwenye utumbo yana harufu kali, na moto hauiondoi. Ukienda kwa muuza nyama usiseme tu "nipe mafuta". Mwambie unataka ya figo.

Sasa moto. Kipande cha mafuta mabichi unachokata kina mambo matatu: mafuta yenyewe, maji, na vijingozi vyembamba vinavyoshikilia hayo yote pamoja. Kuyeyusha ni kazi ya kuyafukuza maji na kuviacha vijingozi nyuma. Maji yakiwa bado yamo, joto la sufuria haliendi mbali na nyuzi 100, kwa hiyo hakuna kinachoungua. Maji yakiisha, joto linapanda ghafla, vijingozi vinaanza kukaangika, na hapo ndipo rangi ya chai na ile harufu vinapoingia. Mafuta yako yalikuwa yameiva muda mrefu kabla hujazima jiko.

Mara yangu ya kwanza nami niliyapoteza hivyohivyo. Niliweka moto mkubwa, nikatoka kwenda kuanika nguo, nikarudi nikakuta moshi umejaa hadi darini. Tangu siku hiyo hufanya hivi. Mafuta huyaweka friza nusu saa mpaka yawe magumu, ndipo huyakata vipande vidogo vya sentimita moja. Yakiwa laini kisu huteleza na vipande havilingani. Huondoa kila punje ya nyama na kila alama ya damu. Kwa kilo moja humimina nusu kikombe cha maji chini ya sufuria nzito, ili vipande vya chini visiungue kabla mafuta hayajaanza kutoka. Moto mdogo kabisa, bila kifuniko, maana ukifunika mvuke unarudi ndani. Hukoroga kila baada ya dakika kumi hivi. Mwanzoni sufuria inapiga kelele, ni maji yanatoka. Baada ya saa moja kelele inapungua na kuwa mchakacho mdogo. Kati ya saa ya pili na ya tatu inanyamaza. Hapo hapo huzima.

Huchuja mara mbili, na hili wengi hawalifanyi. Mafuta yanayotoka mapema, vipande vikiwa bado vyeupe, huyachota na kuyapitisha kwenye kitambaa safi, nikayaweka chupa yake. Hayo ndiyo ya kuoka, yakiganda ni meupe kama karatasi. Yanayotoka baadaye, vipande vikianza kuwa na rangi ya dhahabu, huenda chupa ya pili kwa kukaangia. Vipande vyenyewe vinavyobaki nyunyizia chumvi, ule vikiwa moto.

Hayo yako ya rangi ya chai usiyatupe. Kaangia viazi au vitunguu, ladha ile itakuwa faida. Ukitaka kuyapunguzia harufu, yachemshe taratibu na maji sawa na ujazo wake pamoja na kijiko cha chumvi, yaache yagande juu ya maji usiku kucha kwenye jokofu, uyatoe kama kifuniko na kuparua uchafu ulioganda chini. Kisha yarudishe jikoni yatoe maji yote. Yatatakata, ila hayatakuwa kama ambayo hayakuungua.

Na keki za kupigwa na sukari mpaka zijae hewa, tumia siagi. Mafuta ya nguruwe hayashiki hewa vizuri. Kipaji chake kiko kwenye unga wa pai na biskuti.

*Dada, niliweka mafuta ya kondoo kwenye chupa, juu yalikuwa mazuri lakini baada ya wiki tatu nimeona ukungu chini. Ya pili niliyatia vitunguu saumu vibichi ili yanukie, nayo nimeiacha kabatini. Je, nitoe ukungu niendelee kutumia? – Mama wa Mapacha*

Dada yangu, chupa ya kwanza tupa. Ya pili itupe leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu, na mtu asiionje kwanza.

Ukungu unahitaji maji, na chini ya chupa yako kulikuwa na maji. Ama uliyatoa mafuta jikoni kabla hayajanyamaza, ama chupa haikukauka. Mafuta safi huelea, maji huzama, kwa hiyo uharibifu huanzia chini ambako jicho halifiki. Nimewahi kufungua chupa iliyokuwa nzuri juu, nikazamisha kijiko, kikatoka na maji ya kijivu yanayonuka. Siku hizi chupa zangu huziosha, huziweka kwenye oveni yenye moto mdogo mpaka zikauke kabisa, na kijiko ninachochotea lazima kiwe kikavu. Chupa iliyofungwa vizuri hukaa miezi kadhaa kwenye jokofu, na friza hufika mwaka. Mwanga, hewa na joto huyachachisha mafuta hata yasipokuwa na maji, hivyo chupa ijazwe hadi juu na isikae dirishani. Usiyahifadhi kwenye chombo cha shaba au chuma kisicho na rangi, kwa sababu madini hayo huharakisha kuchacha.

Habari ya vitunguu saumu ni nzito zaidi. Kitunguu kibichi kina maji ndani yake, na kinaweza kuja na vijidudu vya udongoni vinavyoleta ugonjwa wa botulizimu. Vijidudu hivyo huzaliana mahali pasipo na hewa, na ukikizamisha kitunguu ndani ya mafuta umevijengea nyumba. Sumu yake haina harufu ya kukuonya, haina rangi, na huua. Ukitaka mafuta yanukie kitunguu saumu, kikaange wakati wa kupika, ule siku hiyohiyo. Hivyo hivyo kwa majani mabichi ya viungo.

*Assalaam alaykum Shangazi. Sisi hatuli nguruwe nyumbani. Kila mapishi ya unga wa pai ninayoyasoma yanasifu mafuta yake. Nitumie nini nipate ule unga unaovunjika tabaka tabaka? – Ummu wa Watatu*

Wa alaykumu salaam, dada. Hujapungukiwa na kitu.

Sababu ya tabaka ni kwamba vipande vidogo vya mafuta baridi hukaa katikati ya unga kama karatasi. Oveni ikiwaka vinayeyuka na kuacha nafasi, na mvuke unainua unga juu. Mafuta yoyote yanayobaki magumu mkononi yanaweza kufanya kazi hiyo. Chukua mafuta magumu yanayozunguka figo za ng'ombe au kondoo aliyechinjwa kihalali, uyayeyushe kama nilivyoeleza hapo juu, ugandishe, kisha uyaparuze kwa kiparuzio moja kwa moja ndani ya unga.

Kasoro ya shahamu ni kwamba inayeyuka kwenye joto kubwa kuliko la mdomo wetu. Pai ikipoa, unahisi kama nta kwenye ufizi. Ya kondoo inazidi, na ina harufu yake. Mimi huchanganya nusu shahamu ya ng'ombe na nusu siagi. Shahamu inashikilia tabaka, siagi inaleta ladha na ulaini. Pai ya nyama iliwe ikiwa moto, hapo hata shahamu tupu hutaisikia. Samli peke yake haikufai kwa kazi hii isipokuwa uigandishe vizuri, maana inalainika upesi na unga unakuwa kama biskuti badala ya kuachana.

Kwa vyakula vya kununua, soma maandishi ya nyuma. Kiungo chenye alama E471 kinaweza kutoka kwenye mafuta ya mimea au ya mnyama, na alama yenyewe haisemi ni yapi. Bila muhuri wa halali, ama neno linalosema ni cha mimea, waulize waliokitengeneza.

*Nikibadilisha siagi kwa mafuta ya nguruwe, nitumie kipimo kilekile? Unga wangu ulitoka mzito na umelowa mafuta. – Mpenda Pai*

Hapana, na hapa tena maji yanahusika. Siagi si mafuta matupu. Karibu gramu 80 katika kila 100 ndizo mafuta, na gramu 16 hivi ni maji. Mafuta ya nguruwe yaliyoyeyushwa vizuri ni mafuta matupu. Ukiweka gramu 100 mahali pa gramu 100 za siagi, umeongeza mafuta kwa robo na kuunyima unga maji yake. Weka gramu 80, na uongeze kijiko kimoja cha chakula cha maji ya barafu.

Unga ninaoupenda ni huu: gramu 200 za unga wa ngano, gramu 50 za siagi, gramu 40 za mafuta ya nguruwe, chumvi kidogo, na vijiko vitatu au vinne vya maji ya barafu. Kila kitu kiwe baridi, hata bakuli. Sugua kwa ncha za vidole mpaka ubaki na vipande vya ukubwa wa punje ya njegere, si zaidi. Maji yakiingia usikande, kusanya tu, kwa sababu kukanda kunaufanya unga uvutike kama mpira. Uache kwenye jokofu nusu saa kabla ya kusukuma. Kiganja chenye joto ndicho adui mkubwa hapa. Mimi huosha mikono kwa maji baridi na kuikausha kwanza.

*Shangazi, mume wangu amepimwa, lehemu (kolesteroli) yake iko juu. Mama mkwe anasema mafuta ya mnyama ni ya asili, hayana madhara, yaliyotuua ni ya viwandani. Mimi nimsikilize nani? – Niko Njia Panda*

Msikilize daktari, mwanangu, na kwa mama mkwe uwe mpole kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli.

Nianze na hiyo nusu ya kweli. Mwaka 1869 Mfaransa Hippolyte Mège-Mouriès alitengeneza majarini ya kwanza, na wengi hawajui kwamba aliitengeneza kwa shahamu ya ng'ombe na maziwa. Mwaka 1902 mkemia Mjerumani Wilhelm Normann alipata hataza ya kugandisha mafuta ya maji kwa kuyapitishia haidrojeni. Kufikia 1911 huko Marekani yalikuwa yakiuzwa mafuta meupe ya mbegu za pamba kwa jina la Crisco, kuchukua nafasi ya mafuta ya nguruwe. Ugandishaji ule usiokamilika ulizalisha mafuta ya transi, ambayo baadaye yalithibitika kuwa mabaya kwa moyo kuliko yale yaliyoondolewa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziyaondoe kwenye chakula. Kwa hiyo mama ana haki ya kukasirika. Na aangalie pia mafuta ya nguruwe ya dukani: mengine yamepitishiwa haidrojeni ili yasiharibike nje ya jokofu, na maandishi ya nyuma ya pakiti husema hivyo.

Nusu ya pili si kweli, na ninaisema ingawa ninayapenda mafuta haya kuliko watu wengi. Neno "asili" haliwezi kushusha lehemu ya mumeo. Sehemu ya mafuta inayopandisha lehemu mbaya ni ile iliyoshiba, inayoyafanya yagande. Katika mafuta ya nguruwe ni karibu asilimia 40, ya ng'ombe karibu 50, ya kuku na bata karibu 30 au kuzidi kidogo. Shirika hilohilo la Afya linashauri mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nguvu zote za chakula cha siku. Kwa mtu anayekula kalori 2,000 hiyo ni gramu 22 hivi. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya nguruwe kina gramu 5, cha siagi kina 7, cha mafuta ya zeituni kina 2. Kabla hajagusa nyama, maziwa wala jibini, vijiko vitatu vya siagi vimekwisha kula karibu gramu zake zote.

Kwa mumeo, mafuta ya kila siku yawe ya maji, kama ya alizeti au zeituni. Hilo ndilo badiliko linaloshusha lehemu mbaya, kuyaondoa mafuta yaliyoshiba na kuweka yasiyoshiba mahali pake. Kama daktari wake ataruhusu pai mara moja moja, mpe kipande kilichopikwa vizuri, asiletewe kila siku kitu kisicho na ladha. Mimi mwenyewe nina chupa tatu, lakini sina siku ninayopika kwa zote, na kuna siku nyingi ninazopika bila hata moja.

*Mafuta gani hayatoi moshi? Nilikaangia siagi, jiko lote likajaa moshi. – Kijana Anayejipikia*

Siagi ina maziwa ndani yake, na maziwa huungua kwenye nyuzi 150 hivi na kuendelea. Samli ndiyo siagi iliyoondolewa maji na maziwa, ndiyo maana inavumilia hadi karibu nyuzi 250. Mafuta ya nguruwe na ya bata huanza moshi karibu na 190, shahamu ya ng'ombe hufika 200 na kitu. Viazi vya kukaanga ndani ya shahamu kwenye nyuzi 175 hadi 180 hutoka vikavu nje na laini ndani, na vikipoa havilainiki upesi. Vikaushe kwa kitambaa kwanza. Tone la maji likizama kwenye mafuta moto linageuka mvuke mara moja na kurusha mafuta usoni.

Na kwa kuwa unajipikia peke yako: mafuta yakishika moto, zima jiko, funika sufuria kwa kifuniko, uiache palepale ipoe. Usimwage maji hata kijiko. Usiibebe kuitoa nje.

Mafuta yaliyokwisha kukaangia yachuje yakiwa ya vuguvugu na uyatumie tena kwa kazi ileile. Yakianza kutoa povu lisilokatika, au yakitoa moshi mapema kuliko mwanzo, muda wake umekwisha. Yaache yagande, yafunge kwenye karatasi, tupa na takataka. Ukiyamimina kwenye sinki yatagandia ndani ya bomba.

*Shangazi, umeandika kwamba tuisikilize sufuria. Mimi ni kiziwi tangu utotoni. Napenda kupika. Nitajuaje kwamba imenyamaza? – Msomaji Wako*

Mpendwa wangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Nilijifunza kwa sikio kwa sababu aliyenifundisha alifundisha hivyo, na sikuwahi kujiuliza njia nyingine. Wiki iliyopita nilipika sufuria nzima nikiwa nimeziba masikio kwa pamba, ili nikuandikie nilichokiona.

Tazama mapovu. Mwanzoni ni makubwa na yanapasuka juu, mafuta yakiwa na ukungu kama maji ya mchele. Kisha mapovu yanakuwa madogo na kukusanyika pembeni ya vipande tu. Mafuta yanaanza kung'aa, unaona chini ya sufuria. Vipande vilivyokuwa vinaelea vinaanza kuzama. Mapovu yakiwa machache sana, yanayopanda moja moja, umefika.

Kama una kipimajoto, kiweke bila kugusa chuma. Kitakaa karibu na nyuzi 100 kwa muda mrefu hadi utadhani kimeharibika. Kikianza kupanda, maji yanaisha. Zima kabla hakijavuka 120.

Kama huna, chukua kifuniko cha kioo kilichotoka kwenye jokofu, ukishikilie juu ya sufuria ukihesabu hadi kumi, ukigeuze. Maji bado yapo, kitakuwa na umande. Kipanguse kabisa, kisidondoshe tone ndani, kirudishe kwenye jokofu, ujaribu tena baada ya dakika tano. Kwangu kilitoka na umande mara nne. Mara ya tano kilitoka kikavu, nikatoa pamba masikioni, na sufuria ilikuwa kimya.